Mwaka wa Viganja Vyeupe

Kila Oktoba, tangu nilipoolewa Zestaponi,
mikono yangu ilikuwa myeusi.
Ganda bichi la jozi lina wino usiosikia sabuni.
Ukikutana nami sokoni ungejua:
huyu ana mti uani, ana kinu, ana wageni.

Kwetu Georgia jozi si kitafunio, ni ulimi wa pili.
Imo kwenye mchuzi wa kuku wa Mwaka Mpya,
imo kwenye spinachi, kwenye biringani,
kwenye uzi wa peremende unaochovywa juisi ya zabibu
kisha ukaanikwa kama soksi.
Basi nilipoambiwa mjukuu wangu Tekla ana mzio,
nilicheka.
Mzio niujuao ni wa Kwaresima:
nyama mwiko, siagi mwiko, kisha Pasaka huja ikafungua.
"Huu hauna Pasaka, mama," akasema mkwe wangu Nestani.
"Kidogo hakidhuru," nikamjibu.

Sikumpa jozi. Naapa sikumpa.
Nilikoroga maharage yake kwa kijiko
kilichotoka kwenye bakuli jingine.
Nilikifuta kwa aproni.
Nilikifuta vizuri.

Midomo ikaumuka kama kinyunya,
pumzi ikaanza kupiga mluzi.
Nestani akamdunga sindano ya paja, juu ya suruali,
mkono wake haukutetemeka.
Wangu ulitetemeka, nao haukuwa na kazi.
Gari la wagonjwa lilichukua dakika kumi na saba.
Nilizihesabu.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku ya tatu nilivuka barabara na kinu changu mikononi,
nikampa Manana. Jiwe lina vitundu,
na vitundu havisahau.
Miiko ya mbao nikaitia motoni.
Vyombo vya Tekla nikavifunga uzi mwekundu:
sahani mbili, vijiko viwili,
nisiseme jozi moja moja, neno lenyewe
sasa nalitamka nikitazama mlango.

Nikanunua miwani. Si ya Biblia, ya lebo.
Nasoma biskuti kama hati ya shamba:
*huenda ikawa na chembe za*
Huenda!
Nairudisha rafuni.
Mwenye duka ananiona mchawi. Na anione.

Mti sikuukata, aliupanda marehemu.
Lakini bembea imehamia kwenye mtofaa,
na Gocha huja alfajiri na glovu zake
kuokota zilizoanguka kabla mtoto hajaamka,
gunia likapita nyuma, jikoni halikanyagi.
Aliyekula kwingine hanawi tu,
anapiga mswaki kabla ya kumbusu.
Shemeji yangu Otia, ambaye hata kanisani
huvua kofia kwa kubembelezwa,
husimama bombani mdomo umejaa povu,
kama mwanafunzi wa bweni.

Mwaka Mpya nilisaga mbegu za alizeti,
nikatia kitunguu saumu, siki, zafarani.
Haukuwa mchuzi wenyewe.
Nilijua mimi, alijua Otia,
na kuku, nadhani, alijua.
Tekla akaramba sahani akaomba tena.
Miaka minne alikuwa akila mkate mkavu mezani kwangu
nami nikimwita mtoto mchaguzi.

Leo ni Oktoba. Sokoni Manana kaniangalia viganja:
"Lamara, unaumwa?"
Ni vyeupe. Vimekuwa kama vya mgeni,
sijui niviweke wapi.

Jioni Tekla huvishika, huvigeuza,
huvinusa kidole kwa kidole
kama afisa wa forodha asiyepokea rushwa.
Nasubiri. Sipumui.
Kisha ananipa shavu.